Rufaa ya Bartholomeo Kurasini

Jamani, Bartholomeo alikuwa mbishi! Alikuwa balozi wa chama wa nyumba kumi huko mlimani, juu ya Same, na kwake kila jambo lilikuwa na ngazi: balozi, tawi, wilaya, mkoa, Taifa. Ukikwama hapa, unapanda pale. Basi bintiye Honorata akachumbiwa na Tumainieli, kijana Mlutheri wa Mbaga. Paroko akasema ndoa ya namna hiyo mpaka askofu atoe ruhusa, tena Kwaresima ikiingia hakuna harusi. Ombi likapelekwa. Kimya.

"Askofu katugomea," alimwambia mkewe Koleta. "Naenda kwa mkubwa wake."

"Baba Honorata, subiri. Nani kakwambia amekataa?"

Angesikia wapi! Asubuhi alikuwa ndani ya basi la Dar es Salaam. Akaulizia Kurasini, kwenye ofisi za Baraza la Maaskofu, na padre mmoja mpole akampa kiti na chai.

"Tumsifu Yesu Kristo, padre. Nimekuja kwa mwenyekiti. Namkatia rufaa askofu wetu."

Padre akakohoa. "Mzee wangu, mwenyekiti wa Baraza si mkubwa wa maaskofu. Wanamchagua wao kwa wao aongoze vikao. Muda wake ukiisha, wanachagua tena."

"Basi kikao ndicho kikubwa. Kimwamuru!"

"Kikao ni cha mambo ya nchi nzima: seminari, hospitali, vitabu vya ibada. Ruhusa ya ndoa jimboni kwake ni yake mwenyewe."

"Na katibu mkuu je?"

"Huyo anatekeleza waliyokubaliana. Ni mtumishi wao."

Bartholomeo alihisi kichwa kinamvimba. Mwenyekiti hana amri, katibu mkuu ni mtumishi! Chama gani hiki?

"Sasa juu ya askofu wetu yuko nani?"

"Baba Mtakatifu."

"Anakaa mkoa gani huyo?"

"Roma, mzee."

Bartholomeo akaitazama chai yake. Roma basi haliendi.

"Rudi nyumbani," padre akamwambia taratibu. "Kamwone askofu wako. Atakusikiliza."

Akarudi amechanganyikiwa kabisa. Njia nzima alijiuliza, kama wote ni wakubwa, mdogo ni nani? Alipofika kwake Jumatatu, akakuta wanawake uani wanasugua masufuria makubwa. Koleta hakumtazama.

"Ruhusa ilikuja siku ile ile uliyoondoka," alisema. "Keshokutwa ni Majivu, Kwaresima inaingia. Paroko akasema harusi iwe Jumamosi, au mpaka baada ya Pasaka, na watu wa Mbaga walikuwa wameshajiandaa."

"Nani alimwingiza mwanangu kanisani?"

"Mdogo wako Sylvester."

"Hamkuningoja?"

"Tukungoje mpaka lini? Tungekutafuta wapi? Honorata alitoka nje kila gari lilipopanda mlima, na shela lake kichwani. Baadaye akaacha kutoka."

Bartholomeo akakaa chini palepale, katikati ya masufuria, akalia mbele ya wanawake.