Kikombe Kilichoruka Mlango wa Askale

Siku kikombe kilipomruka, Etiye Askale alikuwa ameshanyoosha mikono kukipokea.

Ilikuwa tarehe ishirini na moja ya Tahsas, mwezi wa nne wa kalenda ya Ethiopia, siku ya Mariamu, na wanawake kumi na wawili wa chama walikuwa wamejibana chumbani kwa Zenebech, jirani yake Askale wa ua mmoja. Chama chao hakina mambo mengi. Kila mwezi, tarehe hiyo hiyo, mmoja wao anawalisha wenzake, padri anabariki mkate na pombe ya shayiri, watu wanakula, wanatetana kidogo, wanacheka. Wakimaliza, mwenyeji anakifunga kikombe cha udongo kwa kitambaa cheupe na kumkabidhi mwenye zamu ya mwezi unaofuata. Kikombe kinalala kwake mwezi mzima, na kila asubuhi lazima mmoja wa wenzake apite kukisalimu. Zamu ya mwezi wa Tir ilikuwa ya Askale, na ilikuwa yake kwa miaka thelathini na minne.

Zenebech akakipitisha kikombe mbele ya ile mikono iliyonyooshwa, akampa Yeshimebet aliyekaa pembeni yake.

"Etiye, dada yetu, wewe mwaka huu pumzika," alisema, kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa. "Tumeshakubaliana. Yeshimebet atatulisha Tir, na Yekatit ambayo ni zamu yake pia atatulisha. Yeye anaweza."

Ni kweli alikuwa anaweza. Yeshimebet ndiye mkuu wa chama, ana duka la nguo sokoni na nyumba yenye geti la chuma kule juu mlimani. Alimshika Askale begani. "Tumekuona umekonda, dada yangu. Hatutaki kukutesa."

"Ni mfungo tu," Askale alisema.

"Mfungo gani huo unaokula mpaka mashavu?" Zenebech aliuliza, na wanawake wakacheka. Askale naye akacheka. Ungemtaka afanye nini? Hakuna aliyemtukana pale. Walimpenda wote, na wema wa namna hiyo humnyima mtu hata nafasi ya kukasirika. Akaishusha mikono yake, akaifuta kwenye gauni ingawa haikuwa na kitu.

Alipofika chumbani kwake alikaa kitandani bila kuvua shuka la mabegani. Iliuma. Tangu amzike mumewe, aliyekuwa dereva wa greda za barabara, miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita. Mtoto hakujaliwa. Alichobakiwa nacho ni nusu ya pensheni ya marehemu, chumba kimoja cha serikali cha kodi ndogo, na wale wanawake. Pensheni ilikuwa inafika tarehe ishirini ikiwa imechoka. Hayo yote aliyazoea. Asilolizoea ni ukimya wa mlango, na katika mwaka mzima mwezi wa Tir ndio mwezi ambao mlango wake ulikuwa unagongwa kila siku ya Mungu.

Tena alijua mtu akishapumzishwa mambo yanavyokwenda. Alikuwepo Bizunesh. Naye walimwambia apumzike, naye walimshika bega. Mwaka wa kwanza alikuja kwenye vikao kama kawaida. Mwaka wa pili akawa anakuja mara mojamoja, maana mtu anayekula kwa wenzake bila kulisha huanza kujiona mzigo hata kama hajaambiwa. Mwaka wa tatu hakuja, na hakuna aliyeuliza. Aliyemkuta amekufa ni msoma mita za maji.

Sasa kitu ambacho wanawake wale hawakukijua kilikuwa chini ya kitanda alichokalia Askale. Askale alikaa juu yake mpaka giza likaingia, akifikiri. Angeweza kukila chote kuanzia kesho, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia waziwazi, likiwa na harufu ya chakula, na hakulifukuza mara moja. Alilala nalo.

Asubuhi akatoka uani. Barafu nyembamba ilikuwa juu ya ndoo, baridi ya mji wao wa milimani, Debre Birhan, haina adabu mwezi ule. Zenebech alikuwa anaosha sahani za jana.

"Njoo kwangu," Askale alimwambia.

"Kuna nini?"

"Njoo uone, acha maneno."

Zenebech akaingia na mikono inachuruzika povu. Askale akapiga magoti, akavuta vitu chini ya kitanda kimoja kimoja. Mfuko wa kimea cha shayiri. Majani makavu ya gesho ya kutia pombe uchungu. Unga wa kupikia mkate mwembamba wa injera, dengu, pilipili ya kusaga iliyofungwa mara mbili isipoteze harufu, chupa mbili za mafuta, na kahawa mbichi ya kuwatosha watu kumi na wawili na padri.

"Umevitoa wapi hivi vyote?"

"Nimenunua."

"Kwa pesa gani, Askale?"

Askale akaufunga tena mfuko wa kimea. Zenebech ana mdomo, lakini mjinga siyo. Macho yake yakapanda kitandani, pale ambapo siku zote kulikuwa na shuka zito la pamba la marehemu, na sasa kulikuwa na kanga mbili zilizokunjwa. Yakaenda kwenye sufuria jikoni. Ndani mlikuwa na nusu ya injera ya juzi.

"Tangu lini?"

"Tangu Meskerem."

"Miezi minne. Unakula mara ngapi kwa siku?"

"Nakula."

"Nimekuuliza mara ngapi."

"Mara moja. Siku nyingine na chai."

Zenebech akakaa kitandani puu, na povu lake. "Mama wee. Kwa hiyo umekonda ili utulishe sisi, na sisi tumekunyang'anya zamu kwa sababu umekonda."

"Ndiyo hivyo."

"Na ungekufa njaa humu ndani?"

"Ningekufa nyinyi mkiwa mnagonga mlango. Bizunesh alipumzika siku tatu sakafuni, Zenebech. Sisi ndio tuliomwambia apumzike. Mimi pia nilimwambia."

Zenebech aliitazama mikono yake. Alijipangusa povu taratibu kwenye magoti. "Una kichwa kigumu kama jiwe la kusagia," alisema mwishowe.

"Nirudishieni kikombe changu."

Kilirudi kabla ya saa sita mchana. Zenebech alikileta mwenyewe, akakiweka rafuni, akaondoka haraka kama mtu mwenye safari nyingine za kufanya. Na kweli alikuwa nazo. Siku ile alizunguka mtaa mzima.

Kesho yake alfajiri mlango ukagongwa. Alikuwa Yeshimebet, na kikapu. Akakisogelea kikombe, akakiinamia, akakibusu kitambaa. Kisha akatoa kwenye kikapu injera tano za moto, bakuli la mchuzi wa shiro, na furushi la ndizi.

"Hivi vya nini?" Askale aliuliza.

"Vya kikombe. Kwani hujui? Hakisalimiwi mikono mitupu."

Askale alimtazama. Kwa miaka thelathini na minne kikombe kile kilikuwa kimesalimiwa kwa mikono mitupu katika kila nyumba. Yeye mwenyewe aliwahi kukisalimu akiwa hana kitu isipokuwa mafua.

"Desturi hiyo imeanza lini?"

"Ya zamani hiyo. Umesahau tu, uzee."

"Wewe umenizidi miaka miwili."

"Ndiyo maana nakumbuka."

Uso wa Yeshimebet ulikuwa mkavu kabisa, lakini vidole vyake vilikuwa vimelishika sikio la kikapu kwa nguvu. Askale aliviona. Aibu ikampanda mpaka masikioni, maana kupewa ni kitu ambacho alikikwepa maisha yake yote, na hapo hapo tumbo likamnguruma kwa sababu ya harufu ya shiro, wakasikia wote wawili. Angeweza kusema ukweli na kubaki na ukweli wake. Alijua pia kwamba mwanamke huyu, mwenye geti na duka, alikuwa amesimama pale anamwomba.

"Basi viweke hapo karibu na kikombe," Askale alisema. "Kivione."

Yeshimebet alipoondoka, alikula injera mbili bila kukaa chini.

Mwezi huo kikombe kililishwa jamani. Mmoja alileta mayai mfungo ulipokwisha, mwingine siagi, mwingine kuni. Zenebech alikuja siku ya nne na shuka zito la pamba begani, akalitupa kitandani.

"Kikombe kinasikia baridi," alisema.

"Kikombe cha udongo?"

"Udongo ndio unaoshika baridi. Usinibishie asubuhi hii."

Tarehe ishirini na moja ya Tir ilipofika, Askale aliwalisha wakashiba mpaka wengine wakalegeza mikanda. Pombe ilitoka nzuri, chungu kidogo, kama ilivyotakiwa. Zenebech alisema mashavu yamerudi ila sasa ni ya kuazima, na Askale akamwambia anyamaze ale. Padri alipoaga, Askale akakifunga kikombe kwa kitambaa cheupe, akamkabidhi Yeshimebet kwa ajili ya Yekatit. Usiku akaisafisha rafu iliyobaki tupu, akalala vizuri chini ya shuka la kikombe.

Kesho yake aliamka mapema. Akakaanga shayiri kidogo, mpaka ikapasuka na kunukia, akaifunga kwenye pembe ya mtandio wake. Ilikuwa konzi moja. Akapanda mlima polepole, akisimama kila baada ya nyumba tatu kupumua, mpaka kwenye geti la chuma. Akagonga.

Yeshimebet alifungua mwenyewe, kichwa wazi. "Askale? Kuna nini, mbona mapema hivi?"

"Nimekuja kukisalimu kikombe."

Akafungua pembe ya mtandio, akamnyooshea. Yeshimebet akaitazama ile konzi ya shayiri. Nyuma yake, barazani, kulikuwa na magunia matatu ya nafaka yamesimama.

"Aa, dada, hapa kwangu hakuna shida," alisema kwa upole. "Hiyo si ungekula mwenyewe—"

"Hakisalimiwi mikono mitupu," Askale alisema. "Umesahau tu, uzee."

Yeshimebet akaliachia geti. Kisha akakinga mikono yote miwili.