Miale ya Ubavuni

Kwa miaka mingi mtafiti alifanya kazi na mumewe katika maabara moja, wakipima jambo lilelile: elektroni zikirushwa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, zikapunguza kasi karibu na atomi, miale inayotoka huelekea wapi? Mbele ilitoka mingi, kama walivyotazamia. Ubavuni nako ilizidi hesabu, na hapo ndipo walipokuwa wakibishana mpaka chai inapoa. Mume alisema ni miale iliyogonga ukuta ikarudi. Mke alishikilia kwamba hesabu ndiyo yenye kasoro. Kisha mume akafariki, ubishi wao ukabaki njiani.

Asubuhi moja mtafiti alipanga matofali ya madini ya risasi kati ya kipimio cha miale na ukuta, ili kuzuia yoyote inayorudi, akafunga mlango mzito, akawasha mashine kutoka chumba cha pili. Kipimio kikazunguka pembe moja baada ya nyingine. Kilipofika ubavuni, miale ikalingana na hesabu sawasawa.

“Haya, bwana, umeniweza,” akasema, akigeukia kiti cha pembeni, alichozoea kukalia mumewe. Kilikuwa kitupu.

Akampigia simu wifi yake.

“Wifi, kaka yako alikuwa sahihi.”

“Kuhusu nini?”

“Ile miale. Ilikuwa inatoka ukutani.”

Wifi hakuambulia kitu, ila kaka yake alimjua. “Angekucheka wiki nzima huyo.”

“Natamani anicheke,” mtafiti akajibu.

Walipoagana, akaanza kupima upya tangu mwanzo. Haja haikuwepo, lakini nyumbani hapakuwa na wa kumngoja.