Mikunjo Iliyosawazika

Mtoto ambaye picha ya ubongo wake ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta alikuwa mzima wa afya, hajawahi kuonja dawa ya kifafa. Hata hivyo kompyuta ilidai mikunjo ya ubongo wake imesawazika ndani ya mwaka mmoja, sawasawa na ya watoto wagonjwa wanaoitumia dawa hiyo. Mrunal, mpimaji wa picha za ubongo maabarani, alisogeza kiti karibu.

Basi si dawa. Na juzi, kwa kutegemea hesabu za Mrunal, mkuu wake Daktari Karandikar aliwapigia simu wazazi wa wagonjwa katika mji wa Pune na vijiji vya jirani: punguzeni dozi, dawa hii inawaharibu watoto ubongo.

"Mbona umepauka hivyo?" aliuliza Shirish wa meza ya pili. "Hujanywa chai?"

"Nifungulie picha za mwaka jana. Haraka."

Walizipanga sambamba na za mwaka huu, wakazikuza. Za mwaka jana Mrunal alizisafisha kwa mkono, akifuta kidogo kidogo utando uliogandia ubongo, kazi aliyojivunia kupita kiasi. Za mwaka huu zilichelewa kufika, akaiachia programu ya kompyuta iukate utando yenyewe. Utando ulibaki, ukaziba mifereji ya katikati ya mikunjo, na mashine ikapima uso laini.

"Wewe na usafi wako," Shirish alisema. "Ungeziacha zote chafu, tusingefika hapa."

Neno hilo lilimuuma kwa kuwa lilikuwa kweli. Alizisafisha picha za wagonjwa wawili, akaanzisha hesabu upya, akakaa akitafuna kucha. Mikunjo ilirudi yote.

Karandikar alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Hakufoka, na hilo lilimtisha Mrunal zaidi.

"Juzi niliwapigia kwa kukuamini wewe," alisema, akimsogezea simu. "Leo utapiga mwenyewe."

Wa kwanza alikuwa mama yake Ninad, mtoto aliyemaliza mwaka mzima bila kuanguka kifafa.

"Mama Ninad, ni Mrunal wa maabara. Tulikosea, mama. Kosa ni langu. Dawa haina neno, mrudishieni dozi yake ya zamani."

Upande wa pili muuguzi alisikika akiita jina la mtoto.

"Ameanguka asubuhi hii, dada," mama alisema taratibu. "Tuko wodini, bado hajafumbua macho. Sasa niambie, niamini simu ipi? Ya juzi au hii?"