Fomu ya Kumwachia Hadiya

Nilishuka melini kutoka Nansio siku ya Jumanne, Januari ya mwaka tisini na tano, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu tuchukue ubingwa wa mkoa. Huko Ukerewe nilikuwa nimemwona msichana anaitwa Sabina, ndiyo kwanza anaingia kidato cha nne. Mrefu, mikono laini, anauchukua mpira juu ya vichwa vya wenzake kama mtu anayeanua nguo kambani. Nilikaa na mama yake siku nzima, nikamwahidi kwamba mtoto akija Mwanza atapata ajira kiwandani. Njia nzima melini nilikuwa naipanga timu yangu kichwani: Hadiya mbele chini ya pete, Selina katikati, Sabina nyuma. Nani angetugusa?

Mimi ni Justa Nestory. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa mwalimu wa netiboli wa kiwanda kimoja cha nguo hapa Mwanza, na timu yetu iliitwa Nyuzi. Wasichana wangu walikuwa wafanyakazi. Asubuhi wanasimama kwenye mashine za kufuma, alasiri wanakuja kiwanjani na vumbi la pamba bado limo kwenye nyusi. Niliwatafuta mwenyewe, shule kwa shule, Sengerema, Magu, Ukerewe. Nikimpata anayefaa nakwenda kwa wazazi, kisha naenda kuusumbua uongozi mpaka apewe barua ya kazi. Ndivyo timu zilivyojengwa siku hizo. Mchezaji hakununuliwa, aliajiriwa.

Kwenye geti la kiwanda nilimkuta Selina, nahodha wetu, ananisubiri.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Hadiya ameachiwa. Tangu jana yuko Minofu."

Nikadhani sikusikia vizuri. Minofu ilikuwa timu ya kiwanda kipya cha samaki kilichojengwa ufukweni na tajiri mmoja baada ya serikali kufungulia biashara. Ilikuwa na umri wa miaka miwili. Haikuwa na muda wa kuzunguka mashuleni kutafuta watoto na kuwafundisha. Ilikuwa inachukua waliokwisha kufundishwa na wengine.

Sikwenda hata kuweka begi nyumbani. Nilipanda moja kwa moja hadi ofisi ya Nathaniel Mihayo, afisa utawala wetu, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya michezo. Alikuwa anakunywa chai.

"Mwalimu Justa, karibu. Safari ilikuwaje?"

"Hadiya yuko wapi?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Hadiya yuko wapi?"

Akaweka kikombe chini taratibu. "Tumebadilishana na Minofu. Wao wametupa Mhoja na Teodora. Na jezi mpya seti mbili, na mipira. Lazima tuisuke timu upya, mwalimu."

"Mhoja goti lake halikunji! Teodora alikuwa anacheza wakati mimi nacheza! Umemtoa mfungaji bora wa mkoa mzima, ukapokea wagonjwa wawili na nguo?"

"Wana uzoefu."

"Nathaniel, usinifanye mtoto."

Ndipo akasema ukweli, na aliusema bila aibu, kama mtu anayesoma taarifa. Mwekezaji atakuja kukikagua kiwanda mwezi wa tatu. Orodha ya wafanyakazi lazima iwe fupi. Hadiya alikuwa na miaka tisa kazini, maana yake akipunguzwa ana haki zake. Akihama kwa hiari yake, hana. Mhoja na Teodora wanaingia kama vibarua, hawamo kwenye orodha yoyote. Timu inabaki na wachezaji, kiwanda kinabaki chepesi.

"Nani alikupa ruhusa ya kumwachia mchezaji wangu?"

"Wewe," akasema, akafungua faili.

Ilikuwa fomu ya kumwachia mchezaji. Jina la Hadiya Nurudin limeandikwa kwa mwandiko wa Nathaniel, na chini yake, kwenye nafasi ya mwalimu, sahihi yangu. Haikuwa ya kughushi. Kabla sijapanda meli Nathaniel aliniambia kipindi cha usajili kinaweza kunikuta kisiwani, nimwachie fomu tatu zilizosainiwa kwa ajili ya watoto wa akiba tuliopanga kuwaachia. Nikasaini fomu tatu tupu, nimesimama, kalamu ya kuazima, kwa sababu meli ilikuwa inapiga honi.

Nilitoka mle ofisini nikiubamiza mlango. Ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia.

Jioni nilikwenda Mabatini alikokuwa anaishi Hadiya, nikakaa kizingitini kumngoja. Alikuja akitembea polepole, harufu ya sangara imemtangulia. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kwa maji ya barafu. Vidole vile! Miaka tisa nilikuwa nikiviambia, tulia, usirushe, sukuma.

"Shikamoo mwalimu," alisema, akapita ndani, akaniletea kigoda. Yeye hakukaa.

"Hadiya, nimerudi leo. Sikujua lolote."

"Sahihi ni yako."

"Nilisaini karatasi tupu."

"Karatasi tupu." Akalirudia lile neno. "Mimi nimeitwa ofisini, Mihayo ananiambia mwalimu wako ameshakubali, usiposaini utakuwa wa kwanza kupunguzwa. Nikaangalia. Sahihi ya mwalimu Justa naijua, imo kwenye cheti changu cha kwanza. Nikasema kama yeye amekubali, basi. Nikasaini."

"Wamekupa barua ya ajira?"

Akacheka vibaya. "Barua? Wanaziandika za kuonyesha chama tu, sisi hatuzishiki. Asubuhi tunapanga mstari getini, msimamizi ananyoosha kidole, wewe ingia, wewe rudi nyumbani. Sisi wachezaji tunachaguliwa kwanza. Nikivunjika mguu je, mwalimu? Nitachaguliwa na nani?"

Nilianza kumlaani Nathaniel. Nilimwita majina yote ninayoyajua kwa Kiswahili, nikaongeza ya Kikerewe. Hadiya aliniacha nimalize.

"Unamkumbuka Mboni?" akauliza.

Nilimkumbuka. Alikuwa mfungaji wetu kabla ya Hadiya.

"Nilipokuja, nafasi ya kazi ilikuwa moja. Ukamhamishia Mboni kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Sengerema, wao wakakupa mdakaji wao. Ulimuuliza?"

"Mboni alipata kazi ileile na mshahara uleule. Haki zake hazikupotea."

"Nimeuliza, ulimuuliza?"

Jua lilikuwa linapiga kwenye mawe ya mlimani nyuma ya nyumba, na jirani alikuwa ananitazama huku akichambua mchicha.

"Sikumuuliza," nikasema.

"Haya," akasema Hadiya, akaingia ndani kuoga.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko nilivyokuja. Nilimkasirikia Nathaniel, nilijikasirikia mwenyewe, na, Mungu anisamehe, nilimkasirikia hata Hadiya kwa kuwa alisema kweli.

Kesho yake nilimwandikia mama yake Sabina. Nilimwambia ahadi niliyotoa siwezi kuitimiza, mtoto akae, amalize kidato cha nne, na mtu yeyote wa timu yoyote akija na maneno matamu amwombe kwanza aone barua ya kazi yenye muhuri. Nilimpa barua ile karani wa meli aifikishe. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumkataa mchezaji mzuri.

Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi jioni kwenye ofisi ya chama cha mkoa. Ligi yetu ilikuwa ya sehemu za kazi, na sheria yake ilikuwa rahisi: kila timu inaleta orodha ya wachezaji kumi na wawili, kila mmoja na barua yake ya ajira, na mwalimu anasaini mbele ya katibu. Bila sahihi yangu Nyuzi haikuwa na msimu. Nathaniel alijua hivyo. Alichokuwa hajui ni kwamba tangu Jumanne sikuwa nimewaza kitu kingine.

Ijumaa hiyo alinikuta ofisini kwa chama saa nane, na orodha iliyopigwa chapa safi. Mama Odeta, katibu wa mkoa, alikuwa mezani, miwani puani. Chenge, meneja wa Minofu, alikaa karibu na dirisha na watu wa timu nyingine. Nathaniel akanisogezea karatasi na kalamu.

"Sisaini," nikasema.

"Mwalimu, utani baadaye."

"Naona Mhoja, naona Teodora. Barua zao za ajira ziko wapi?"

"Zinaandaliwa."

"Basi nitasaini zikishaandaliwa. Na simuoni Hadiya Nurudin."

Chenge akainuka. "Hadiya ni wetu. Fomu tunayo."

"Fomu hiyo niliisaini ikiwa tupu," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Mama Odeta, andika. Mimi Justa Nestory nilisaini fomu tatu zisizo na jina na nikamkabidhi huyu bwana. Jina la Hadiya halikuwemo."

Mama Odeta akavua miwani.

"Mwalimu, unajua unachokisema? Mwalimu anayesaini fomu tupu anafungiwa."

"Najua. Nifungieni. Lakini fomu iliyosainiwa ikiwa tupu ni batili, au siyo?"

"Ni batili," akasema Mama Odeta.

Nathaniel alipiga meza. Alisema mimi ni mwanamke mkorofi, nimekula chumvi nyingi kwenye kiwanda cha watu, nataka kukizamisha mbele ya mwekezaji. Nilimwacha aseme, halafu nikamwambia, "Mwekezaji ataletewa gwaride la timu bingwa ya mkoa, nimesikia. Utampelekea timu ipi, Nathaniel, kama leo saa kumi hakuna Nyuzi? Nenda kiwandani. Niletee barua ya kumrudisha Hadiya kwenye mashine yake, yenye muhuri wa meneja mkuu, na miaka yake tisa imeandikwa humo. Ukiileta nasaini. Usipoileta mimi nimekaa hapa."

Nikakaa. Sijawahi kukaa kwenye kiti kwa hasira namna ile. Saa tisa ikapita. Mama Odeta akaniletea maji, sikunywa. Chenge alikuwa anasema kwa sauti kwamba anataka jezi zake zirudi zikiwa zimefuliwa.

Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili gari la kiwanda likaingia. Nathaniel alitupa barua mezani bila kunitazama. Niliisoma mara mbili. Muhuri ulikuwapo. Miaka tisa ilikuwapo. Tukafuta Mhoja na Teodora, tukaweka Hadiya na mtoto mmoja wa akiba, nikasaini. Dakika ileile Mama Odeta akachukua karatasi nyingine na kunifungia miaka miwili. Aliniomba radhi huku anaandika. Nilimwambia aandike tu.

Jumatatu Hadiya alirudi kwenye mashine yake. Kiwanjani hakurudi. Selina alimbembeleza, meneja mkuu akamtuma mtu, yeye akajibu kwamba barua yake inasema kufuma, haisemi kuruka. Nyuzi ilifungwa mchezo wa kwanza magoli arobaini kwa kumi na tisa. Mimi nilitazama nikiwa nje ya kamba, na watu waliokuwa wakinishangilia mwaka uliopita waliniuliza kama nimeridhika.

Aliyeniumiza zaidi alikuwa Teodora. Alikuja nyumbani kwangu wiki ya pili, amefunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana. Chenge alikuwa amekataa kuwapokea tena, yeye na Mhoja. Getini hawakuchaguliwa siku hata moja.

"Umemwokoa wako," aliniambia. "Sisi tulikuwa takataka?"

Nilijaribu kumweleza sheria ya barua za ajira. Alitema mate pembeni ya mlango, akaenda zake. Nilikwenda mara tatu kwa Mama Odeta kumwomba awatafutie timu. Mhoja alipata ya hospitali, akawa mfagiaji. Teodora hakupata.

Kiwanda kiliuzwa mwaka uliofuata. Watu walipunguzwa kwa mamia. Hadiya akaondoka na haki zake za miaka kumi, akanunua cherehani mbili, akafungua kibanda karibu na stendi ya Nyegezi. Tukikutana ananisalimia, naitikia, tunaulizana habari za nyumbani. Hajawahi kunishukuru, na sijawahi kuona kwamba alipaswa.

Nathaniel hakupunguzwa. Kabla kiwanda hakijauzwa alikuwa ameshahamia Minofu, kwenye timu, kusimamia usajili. Adhabu yangu ilipoisha alikuja nyumbani kwangu Bugarika, amevaa fulana ya timu, anatabasamu kama ndugu aliyepotea.

"Mwalimu, yaliyopita yamepita. Una jicho. Zunguka visiwani utuletee watoto, sisi tutajua la kufanya nao."

"Barua za ajira mtawapa?"

"Ah, mambo ya zamani hayo. Siku hizi ni soko huria."

Nilikuwa nafagia uwanja. Nilimwambia aondoke. Akadhani natania, akavuta kigoda akakaa, akaanza kuniuliza kama namfahamu msichana mmoja wa Nansio, mrefu, anaitwa Sabina. Hapo ndipo nilipougeuza ufagio na kumchapa nao mgongoni, mara moja, ya pili, mbele ya majirani, naye akateremka mbio kati ya mawe akishikilia kofia yake, mimi nyuma yake nikimtukana, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, hadi pumzi iliponiishia barabarani.