Mayai ya Shaba

Tangu mama mkwe apofuke, mlango wa mbele wa karakana yake haukufunguliwa tena kwa wateja. Macho yalikwenda, ulimi ukabaki. Leo aliviringisha mezani kipande cha shaba alichokereza mkaza mwana wake, kikaenda kikichechemea.

"Yai la tatu hili! Hii karakana au banda la kuku?"

Mkaza mwana akauma meno, akairudia mashine. Kifaa chake cha kukerezea matufe akakisogeza upana wa unywele tu, mpaka egemeo lake la kuzungukia likakaa sawasawa chini ya kitovu cha shaba. Akakizungusha polepole, kisu kikala duara.

Tufe la nne lilibingirika limenyooka, likavuka meza, likadondoka.

Mama mkwe alitega sikio mpaka tufe likatulia sakafuni.

"Fungua mlango wa mbele," akasema. "Fundi yupo."