Hatua za Mama Mwenye Ndoo

Mhariri wa video za harusi alikuwa ameshaitazama ile rekodi mara kumi na nne, na kila mara aliisimamisha palepale, gari la mizigo la mdogo wake lilipotokea kwenye kona. Lilikuja mbio kama limetiwa moto. Kufumba na kufumbua lilipita nguzo mbili za taa, likamzoa mwendesha baiskeli. Yule mtu bado alikuwa hospitalini, mguu wake umefungwa vyuma.

Kesi ilikuwa kesho kutwa. Wakili wa familia alikuwa ameleta nakala hiyo kwenye flashi, akaeleza kwamba mtaalamu wa upande wa mashitaka ameshapiga hesabu: kilomita sabini na tano kwa saa, mahali panaporuhusiwa hamsini. Mdogo wake alikuwa ameapa kwamba hakufika hamsini, mpaka alipoonyeshwa video. Toka hapo alinywea.

"Dada, labda nilikimbia kweli," alimwambia. "Nimejiona kwa macho yangu. Nitakubali kosa, yaishe."

Maneno hayo yalimtisha kuliko kesi yenyewe.

Mara ya kumi na tano hakulitazama gari. Alimtazama mama mmoja aliyekuwa akivuka barabara kule nyuma, ndoo imejaa maji pomoni. Mama alikuwa mnene, lakini alikwenda mbiombio kama kuku aliyefukuzwa jikoni, na wala maji hayakumwagika. Hapo mhariri akairudisha rekodi nyuma, akamtazama tena.

Kazi yake ilishamfundisha kwamba video ni picha zilizosimama tu, zinazopishana upesi. Kamera ikipiga picha kumi na tano kwa sekunde, kisha mtu azionyeshe ishirini na tano kwa sekunde, kila kitu kitakimbia, hata kobe. Saa ya kamera, ile inayoandikwa pembeni mwa picha, ingemaliza ubishi, lakini aliyetoa nakala alikuwa amekata kingo za picha ili gari lionekane kubwa.

Alimpigia wakili. Rekodi halisi, wakili alisema, imo kwenye mashine ya duka la vifaa vya ujenzi, na mashine hiyo hujifuta baada ya siku thelathini. Mhariri alihesabu kwa vidole. Leo ndiyo ya thelathini. Ajali ilitokea saa tisa alasiri, na sasa ilikuwa saa saba na nusu.

Walipofika, mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Misumari, hakutaka kusikia habari za mahakama. Alisema alishawapa polisi nakala, basi imetosha. Wakili alimbembeleza, akamwonyesha barua ya kuomba rekodi, na saa nane na robo Misumari akafungua kabati la mashine huku akilalamika kwamba siku yake imeharibika.

Nakala ilijivuta kama konokono. Mhariri aliitazama, na hofu nyingine ikamwingia. Je, ikithibitika kweli ni sabini na tano? Wakili alikuwa amemwambia wazi kwamba hataficha kitu. Basi yeye dada atakuwa amemfunga mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe.

Nakala ilikamilika zikiwa zimebaki dakika sita. Aliifungua palepale kaunta. Mama mwenye ndoo alivuka polepole, akapumzika katikati. Kati ya nguzo na nguzo, mita thelathini, picha zilikuwa thelathini na sita, sawa na zile za flashi. Lakini mashine ilikuwa imezipiga kumi na tano kwa sekunde. Sekunde mbili nukta nne. Alipiga hesabu mara tatu.

"Arobaini na tano," alimwambia wakili, akaketi juu ya gunia la saruji.

Mahakamani, mtaalamu alirudia hesabu mwenyewe, akakiri kwamba fundi wao aliibadili video ili icheze kwenye kompyuta ya ofisi, na hakuna aliyeuliza kasi ya picha. Shitaka la mwendo kasi likaondolewa.

Nje, mdogo wake hakufurahi kama walivyotarajia.

"Nilikuwa nimeshaanza kuukumbuka ule mwendo, dada," alisema. "Naukumbuka kabisa, mpaka upepo dirishani."

Dada alimshika mkono wakaenda hospitali kumwona mwendesha baiskeli, na pale mlangoni mwa wodi mdogo wake alisimama muda mrefu kabla ya kuingia.