Kimya Baada ya Mfuniko

Dada yangu alikuwa na namna yake ya kumwita mwanawe. Jioni chakula kikiiva anasimama mlangoni, anagonga mfuniko wa sufuria kwa upawa, anaita, "Mkia, njoo ule." Kisha ananyamaza. Haiti tena. Anasimama palepale mpaka mtoto, hata kama yuko juu ya paa la jirani, ajibu, "Nakuja, mama." Ndipo arudi jikoni. Jina la Mkia alilipata kwa sababu tangu alipoanza kutambaa alikuwa nyuma ya mama yake kila aendako, hata msalani. Uchochoro mzima ulijipimia saa kwa mfuniko ule. Ukilia, watoto wa watu wote wanashika njia ya kwao.

Waasi walipovamia shule waliondoka na darasa zima, Mkia akiwemo. Wakawabebesha mizigo hadi msituni, na huko baadaye wakawabebesha bunduki. Mfuniko wa dada ukawa wa kufunikia sufuria tu.

Ndipo wakaja watu wa kampeni.

Walipanga jengo lililokuwa benki, wakapamba kuta kwa picha za watoto wetu wanaolia. Hakuna aliyebandikwa akicheka, kana kwamba tunazaa vilio. Mkubwa wao tulimwita Bwana Asante, maana ndilo neno pekee alilolijua katika lugha yetu na alilitumia kwa kila jambo. Umwambie pole, asante. Umwambie sogea, umenikanyaga, asante.

Alikuja nyumbani kwa dada na mkalimani, kijana wa mtaa wa pili, aliyevaa fulana ya kampeni. Mkalimani akaeleza: ndege yenye vipaza sauti itapita juu ya msitu, iwaite watoto watoke mpaka uwanda wa kando ya mto, wapokewe. Wanachotaka ni sauti ya mama.

Mimi ni fundi redio, kibanda changu kimeegemea ukuta wa dada. Nilikuwa nimeingia na bisibisi mkononi.

"Watapokewa na nani?"

"Na marafiki."

"Hao marafiki wana sare?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Mjomba, mimi natafsiri tu."

Nikamvuta dada jikoni.

"Unazikumbuka zile karatasi?"

"Usianze, kaka."

"Naanza. Zilimwagwa na ndege, zina picha ya mkono umeshika mkono. Nendeni uwanja wa mpira, mtalindwa. Baba akawahi nafasi ya mbele, akajiona mjanja. Sisi tulibaki kwa bibi kwa sababu wewe ulikuwa na surua. Nitajie mmoja aliyerudi kutoka uwanjani. Kisha wenye ndege wakaomba radhi redioni, kwa lugha yao, na kesho yake wakaleta mablanketi."

"Wewe una kumbukumbu, mimi nina mtoto," akasema. "Nipishe."

Akapitisha mkono juu ya bega langu, akautwaa mfuniko msumarini.

Walimrekodi benki, katika chumba kilichozibwa magodoro ukutani. Niliketi pembeni. Akagonga, akaita, akanyamaza. Bwana Asante akamzungushia mkono kumwashiria aendelee. Dada kimya.

"Mama, wanasema endelea," mkalimani akanong'ona.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Anijibu."

Bwana Asante alipotafsiriwa akacheka kwa upole, akaweka mkono kifuani, akasema asante. Wakamrudisha mwanzo mara nyingi, na kila mara akangoja, na taa nyekundu ya mashine ikaendelea kuwaka.

Ndege ilipita asubuhi ya siku ya soko. Dada alikuwa barazani anapepeta mchele. Sauti yake ikatoka mawinguni, kubwa kuliko nyumba: mfuniko, Mkia njoo ule, mfuniko, Mkia njoo ule, bila hata kumeza mate, kama mashine ya kukoboa.

Ungo ukamponyoka.

"Wamekata," akasema. "Pale ninaponyamaza, wamepaondoa."

Mimi nilikuwa naangalia nyuma ya ndege ile. Juu sana zilifuata nyingine mbili, nyembamba, zisizoita mtu.

Dada alikimbia peku mpaka benki, nami nyuma yake. Mkalimani alikuwa ngazini.

"Nirudishieni sauti yangu."

"Mama, imeshakwenda."

"Imekwenda vipi na mimi niko hapa? Nirudishieni."

Vioo vya benki vikatikisika vyote kwa pamoja. Kisha vikatikisika tena. Bwana Asante alikuwa dirishani juu yetu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno.

Jioni redio ikatangaza kwamba kambi ya waasi imesambaratishwa na marafiki zetu. Kambi. Waliokuwa wamesimama uwandani wakisubiri kula, haikuwataja. Nilikuwa nimeifungua redio hiyo mezani kuitengeneza. Niliichungulia ndani, nikaifunga. Ubovu haukuwa humo.

Aliyerudi ni binti wa fundi cherehani, wa darasa la Mkia, bega limeungua, akalazwa kwenye hema la kampeni hiyohiyo. Tulikwenda kumwona. Mkalimani alikuwa upande wa pili wa kitanda na bosi wake, anamgeuzia kila neno sikioni.

"Tuliposikia mfuniko tulikimbia wote," binti akamwambia dada. "Mkia akanivuta gauni. Akasema huyo si mama. Mama huita akangoja, huyo hangoji. Nikamwambia niache, nina njaa. Wenzangu walikuwa wameshafika mbele. Yeye akageuka, akarudi ndani ameziba masikio."

Dada alimfunika vizuri yule mtoto, akatoka bila kuaga.

Tangu hapo kila jioni alikwenda mwisho wa barabara, msitu unapoanza, akagonga, akaita, akangoja mpaka giza linamla miguu. Hakujibiwa. Hapa uchochoroni nako hakuna anayemwita mtoto kwa mdomo tena. Unamfuata alipo, unamshika mkono.

Juzi wakaja tena. Mkalimani alisema ile sauti imewaliza watu wengi kwao, sasa imewekewa na kinanda. Alisema mkubwa wa waasi bado yu hai, kazi haijaisha. Na kwamba alichosema binti wa fundi cherehani wamekielewa.

"Safari hii kile kimya hakitakatwa. Kitaachwa kama kilivyo."

"Sisemi tena kwenye mashine yenu," dada akajibu.

"Si lazima, mama." Kijana alilisema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mashine haikuzimwa siku ile. Vimya vyako vyote tunavyo."

Bwana Asante akainamisha kichwa. "Asante," akasema.

Walipotoka dada hakukaa. Nilifunga kibanda, nikamfuata. Mfuniko aliuacha msumarini. Barabara ilipokwisha akasimama, akaweka viganja mdomoni, na maneno ambayo hajawahi kumwambia mwanawe tangu amzae yakamkwama kwanza, kisha yakatoka.

"Mkia, usije."

Akanyamaza, akangoja ajibiwe. Majani hayakutikisika. Nyuma yetu, upande wa mjini, injini ya ndege ilikuwa inawashwa.